Rangi ya Masharubu

Mimi ndiye mpaka nyuso.
Agatino ana fimbo, sauti na madeni;
mimi nina brashi tatu na sufuria ya gundi
katika kijichumba nyuma ya jukwaa, hapa Acireale,
ambako majivu ya mlima huingia hata dirisha likifungwa.

Karagosi mpya tulimwita Malko,
kilo kumi na nne za mbao na bati.
Kisa chake hakibadiliki: mtawala ametia chemchemi kufuli,
Malko anadai maji, hasikilizwi,
usiku wa manane anaichoma nyumba ya ushuru
na makarani sita wamelala ndani,
na mfagiaji.

Jumamosi nilimpaka masharubu meusi ti,
kovu kutoka sikioni hadi kidevuni,
jicho moja nikalitia chongo.
Agatino akamwingiza kwa kushoto, wanakoingilia wasaliti.
Hakuwa amefungua kinywa bado.
Mzee Sarino, fundi viatu,
alivua ndara akamtwanga nayo kifuani.
Maneno juu ya maji yalisemwa, nilikuwa nyuma ya pazia, nayathibitisha;
yalizama katika mlio wa maganda ya mbegu za maboga.
Alipokatwa kichwa, watoto walisimama juu ya viti.

Jumapili niliyaosha masharubu kwa tapentaini.
Nikampa kope, shavu la mgonjwa,
kipaka cha mbao begani.
Agatino akaongeza sentensi moja tu: "Mama alikufa kwa kiu,"
akamwingiza kwa kulia.
Maneno yale yale. Moto ule ule,
karatasi nyekundu ile ile ya kufungia machungwa.
Lile chongo sikuligusa. Watu wenyewe wakaliita kengeza.

Cettina muuza samaki alilia kwa kwikwi.
Nyuma yake mtu alinong'ona, "Ngoja, atatubu sehemu ya tatu.
Wa aina hii hufa wamekumbatia mtoto."
Wakangoja. Leso zilikuwa tayari mikononi.

Malko hakutubu.
Alisimama juu ya majivu, kipaka begani,
akasema, "Kesho ningechoma tena,"
akainama kunywa maji.

Hapo ndipo ukumbi ulipochafuka,
na si kwa ajili ya wale sita;
hao walikwisha kusamehewa zamani,
mahali fulani kati ya kipaka na kope.
Walitaka kiingilio chao.
"Mmemharibu!" Cettina alinifokea mlangoni
kana kwamba mimi ndiye niliyemuuzia dagaa waliooza.
Kumbe walikuwa wamemkopesha huruma,
na sasa wamekuja kudai riba.

Nisijitoe. Zile kope zilinila saa mbili,
na kila aliyelia nilimhesabu.

Jumatatu sikupaka kitu.
Mti mtupu, alama za patasi, tundu la msumari.
Akaingilia katikati, pasipo na mlango,
ikabidi Agatino ampitishe juu ya mandhari ya milima.
Watazamaji kumi na mmoja.
Sarino alivua ndara, akaitazama, akaivaa tena.
Kwa mara ya kwanza niliyasikia maneno juu ya maji
yakifika ukuta wa nyuma na kurudi,
na hayakuwa matamu kama nilivyodhani,
wala hayakuwa ya mwendawazimu.
Kisha karatasi nyekundu.
Hakuna aliyekohoa.

Taa zilipowashwa, bibi mmoja nisiyemjua,
mfuko wa malimau mapajani,
aliinua kidole kama yuko darasani:

"Na yule mfagiaji? Ni mtoto wa nani?"

Agatino akageuka kunitazama.

Mfagiaji ni gunia. Tulilijaza pumba;
hurushwa motoni kutoka pembeni
na hutoa kishindo kizuri.
Ufagio wake niliuchonga mwenyewe, njiti kwa njiti,
unaweza kuzihesabu ukiwa kiti cha mwisho.
Uso sikumpa.